Mwandiko wa Bundala

Bundala alikuwa na miaka hamsini na sita siku alipokabidhiwa kanvasi yake ya kwanza, na kwa muda hakujua aishike wapi. Ilikuwa nyeupe mno. Maisha yake yote alikuwa amechora juu ya vitu vyenye kazi nyingine: kuta za maduka, milango ya mabati, ubavu wa malori, mbao za kupigiliwa kwenye miti. Kitu kilichotengenezwa ili kichorewe tu, basi, hakuwahi kukigusa. Aliishika kwa ncha za vidole, kama mtu aliyepakatishwa mtoto mchanga wa bosi wake.

Kazi yake ilikuwa kuandika vibao. Nani aliishi Mkuza au alipita Kibaha miaka ile asisome mkono wake bila kujua? SALUNI YA KISASA ilikuwa yake. DAWA ZA MIFUGO ilikuwa yake pia, pamoja na ng'ombe wa pembeni aliyefanana kidogo na mbwa. CHUMBA KINAPANGISHWA. USIKOJOE HAPA. KIWANJA HIKI HAKIUZWI aliiandika mara nyingi mpaka angeweza kuiandika amefumba macho, kwa kuwa katika mji ule kila mwenye kiwanja aliamini kuna mtu mahali fulani anakiuza. Alikuja kutoka Kahama akiwa kijana, na brashi tatu alizozifunga kwa kitambaa, na kwa brashi hizo alioa, akajenga, akamsomesha binti yake Recho mpaka chuo.

Kisha zikaja mashine za kuprinti mabango. Mteja anatuma maneno kwa simu asubuhi, jioni anachukua bango linalong'aa lenye picha ya kuku wa kukaanga, anayelitazama anameza mate. Kuku wa Bundala hakuwahi kummezesha mtu mate. Mwaka wa kwanza alicheka, wa pili akanyamaza, wa tatu akawa anakaa barazani na makopo yake, rangi imetanda ngozi juu kama maziwa yaliyopoa, na mkewe Loyce hamuulizi tena kama leo ametokea mtu.

Recho ndiye aliyeliona tangazo. Kituo kimoja cha sanaa kiliandaa warsha ya siku tatu ya kuchora mandhari nje, huko Msimbu upande wa Kisarawe, na siku ya tatu kungekuwa na tamasha. Katika washiriki kumi na wawili, mmoja angechukuliwa kufundisha kuchora kituoni, kazi ya kudumu. Recho alimjazia baba yake fomu bila kumwomba ruhusa. Jina lilipotoka, Loyce alimpigia pasi shati la kanisani, na akiwa bado ameinamia pasi akasema, "Hii ikikataa, baba Recho, hizo brashi tuzitupe."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama anayezungumzia chandarua kilichotoboka. Bundala alijua ni kweli. Baada ya hii hapakuwa na nyingine.

Warsha ilikuwa kwenye mgongo wa kilima. Chini kulikuwa na bonde la mihogo na mikorosho, barabara nyekundu ikipita katikati, moshi wa tanuri la mkaa upande mmoja, na nyuma ya hayo vilima juu ya vilima mpaka cha mwisho kisijulikane kama ni kilima au wingu. Mwalimu wao alikuwa Stellamaris, dada mpole wa miaka thelathini na kitu, mwenye rangi chini ya kucha. Aliwaambia wasichore vitu, wachore mwanga ulivyoviangukia vitu. Akawaambia pia kwamba kanvasi ni moja moja. Ukiharibu, unapaka nyeupe juu yake unaanza upya, lakini ya pili hakuna.

Kabla ya yote walipewa vikaratasi vya kuandika majina na kuvibandika kifuani. Wengine waliandika kwa haraka. Bundala aliandika BUNDALA kama anavyoandika kila kitu, kwa herufi zilizosimama sawa, na A ya mwisho akaimalizia na kimkia kilichojikunja kwenda juu. Hakukikusudia. Mkono wake ulizoea kutoka ukutani hivyo.

Halafu akafanya kosa la kwanza. Alitoa mfukoni uzi wake wa chaki, akauvuta kutoka ukingo mmoja wa kanvasi hadi mwingine, akaupiga. Mstari wa buluu ukatokea, umenyooka. Akapiga wa pili. Ndivyo kazi inavyoanza. Bila mstari maneno yanalewa.

"Mshua, unachora au unapima kiwanja?" aliuliza Rama, kijana wa Dar mwenye rasta fupi aliyesimama karibu naye.

Watu walicheka, naye Rama mwenyewe akacheka bila ubaya, kisha akaja kumsaidia kuifuta. Bundala aliifuta mistari kwa kitambaa, akabaki anaitazama ile nyeupe isiyo na pa kuanzia. Bonde halikuwa na herufi ya kwanza. Mpaka saa nne alikuwa hajaweka rangi.

Saa nne walikunywa uji. Waliokuwa wakiwapikia walikuwa akina mama wa pale pale Msimbu, na mkubwa wao alikuwa Bi Mwamvita, mwanamke mwembamba wa miaka sitini na zaidi, mwenye sauti ya kufika bondeni. Bundala alimwamkia shikamoo. Alipomwuliza kwao wapi na kusikia ni Usukumani, Bi Mwamvita aliirudisha shikamoo hiyo palepale.

"Shikamoo yako iweke. Mimi Mzaramo, wewe Msukuma, hapa ni utani tu. Kumbe na nyie mnachora? Mimi najua mnawapigia ng'ombe mluzi."

"Na nyie mnacheza ngoma huku mihogo inaliwa na nguruwe," alijibu Bundala, na kwa mara ya kwanza siku ile alijisikia mtu miongoni mwa watu. Mtani hachukii, na hachukiwi. Bi Mwamvita alimjazia kikombe mpaka ukingoni, akamwambia amwage kidogo chini kwa ajili ya ng'ombe. Kisha macho yake yakashuka kwenye kile kikaratasi kifuani, yakakaa pale. Alikisogelea kama mtu anayesoma dawa.

"Jamani," alisema kwa sauti ile ile ya mzaha, akiwageukia wenzake. "Mwoneni mtani wangu. Huyu ndiye aliyenivunjia nyumba."

Wakacheka wote. Bundala naye alicheka, kwa kuwa ndivyo inavyotakiwa. Alikuwa bado anacheka alipoona kwamba Bi Mwamvita ameshageuka kwenda kwenye sufuria, na kwamba yeye hacheki.

Miaka saba nyuma, barabara ilipotanuliwa kule Kibaha, Bundala alipewa kazi. Alipewa orodha ya nyumba, kopo kubwa la rangi nyekundu, na maagizo: X, chini yake neno BOMOA, chini yake tarehe. Zilikuwa nyumba zaidi ya mia mbili, na alizimaliza kwa siku tisa. Ilikuwa kazi kubwa ya mwisho kuipata. Hakubomoa yeye, waliobomoa walikuja na mitambo yao baada ya miezi minne. Yeye aliandika tu. Hivi ndivyo alivyojiambia siku ya kwanza, na siku ya pili hakuhitaji tena kujiambia, kwa sababu alishaingia kwenye kazi, na kazi ikimwingia Bundala hufuata mstari wake. Mikono ya X ilikuwa sawa kwa sawa. BOMOA ilikaa katikati. Na A ya mwisho, kila ukuta, ilikuwa na kimkia.

Mchana, wengine walipojilaza vivulini, Bi Mwamvita alimfuata pale alipokuwa amekaa peke yake na kanvasi. Alikaa chini, akanyoosha miguu. Hakuleta utani.

"Miezi minne nimeamka naiangalia hiyo A," alisema. "Usoni nisingekujua. Mwandiko nimeujua."

Bundala alianza kusema kwamba alitumwa. Bi Mwamvita alimkatiza kwa kiganja. Alisema anajua alitumwa, hakuja kwa hilo. Alimweleza kwamba baada ya kubomolewa alirudi huku kwa ndugu zake, yeye na mumewe, mzee Hashiru, ambaye alikuwa ameshapooza upande. Mzee hakuivuka masika. Picha za nyumba zilikuwa kwenye simu yake, na simu iliingia maji ikafa. Sasa wajukuu wakimwuliza kwetu kulikuwaje, anawaeleza, lakini anasikia sauti yake mwenyewe ikiwaeleza kama hadithi, na wao wanamsikiliza kama hadithi. Majirani walitawanyika. Hakuna hata mmoja anayeweza kukaa naye akasema ndiyo, ilikuwepo.

"Wewe ulisimama mbele yake," alisema. "Uliitazama. Nichoree."

Alitaka kuanza kumwelekeza, mlango upande huu, dirisha upande ule. Bundala alimzuia. "Usinieleze, mama. Naikumbuka."

Na hakusema uongo. Katika nyumba zote zile mia mbili, moja ilikuwa imemkaa. Ilikuwa na dirisha la nondo za kijani, ngazi tatu, na mwarobaini mbele uliomwekea kivuli ukutani akawa hajui rangi imekaaje. Mwanamke alitoka ndani na maji kwenye kikombe cha bati, akamsimamia mpaka akamaliza kunywa, akapokea kikombe kwa vidole vyembamba, akarudi ndani. Bundala hakuweza kumtazama usoni. Baadaye, kwa miaka, maji yale yalimjia akiwa anaoga, akiwa kanisani. Sasa alimtazama Bi Mwamvita, akaviona vidole vile vile vyembamba, na aibu ikamzuia asiyataje.

Jioni ile hakurudi na wengine kambini mapema. Kutwa nzima, baada ya uji ule, bonde lilikuwa limeanza kumfungukia. Aliweka rangi ya udongo pasipo mstari, akaona barabara inalala yenyewe. Aliweka kijivu juu ya kijani, vilima vikarudi nyuma. Stellamaris alipita, akasimama muda mrefu, akamwambia kwamba baba, macho unayo, ulikuwa huyatumii tu. Hata Rama aliacha brashi yake akaja kuchungulia. Nusu ya kanvasi ilikuwa tayari. Nusu hiyo ilikuwa kitu kizuri kuliko chochote alichowahi kukifanya, na yeye ndiye wa kwanza kujua.

Alfajiri ya siku ya pili, Ijumaa, aliomba kopo la rangi nyeupe. Alipaka kuanzia juu. Vilima vilikwenda kwanza, kisha mikorosho, kisha barabara, na alipomaliza alikaa kusubiri ikauke. Alijaribu kutowaza shati lililopigwa pasi.

Stellamaris alikuja, akaiona. Alichuchumaa karibu yake, akamweleza taratibu kwamba wachaguzi watakaokuja kesho watataka kuona mandhari ya hapa, kitu ambacho mchoraji amekitazama kwa macho. Nyumba iliyovunjwa Kibaha si mandhari ya hapa. Akamwomba afikirie.

"Nimefikiria, mwalimu," alisema Bundala. "Huyu mama nina deni naye."

"Baba, na kazi je?"

Alichovya brashi. Swali halikuondoka siku nzima. Lilikaa naye kama mtu wa tatu pale chini ya mkorosho. Alichora mpaka shingo ikakakamaa. Alizichora nondo za kijani moja moja. Aliuchora mwarobaini na kivuli chake. Alizichora ngazi tatu, ya chini imemeguka pembeni. Ukutani hakuandika kitu. Aliuacha ukuta ulivyokuwa dakika moja kabla yeye hajafika, na aliposimama nyuma kuutazama alihisi, kwa muda mfupi, kwamba pengine mtu anaweza kurudi akaupitia ukuta huo bila kusimama.

Bi Mwamvita hakuja kuchungulia. Alisema atasubiri Jumamosi. Alipompakulia wali alimwongezea ukoko, akamwambia Msukuma bila ukoko hashibi, na wote wawili walicheka, na Bundala aliona kwamba siku nyingi hajangojwa na mtu.

Jumamosi wageni walikuja kwa magari kutoka Dar na Kisarawe mjini. Kulikuwa na ngoma, maandazi, juisi ya ubuyu, watoto wa shule waliovaa sare siku isiyo ya shule. Picha kumi na moja zilisimama kwenye mstari mmoja, zote zikiwa na bonde lile lile, na katikati yao ilisimama nyumba. Wachaguzi walikuwa watatu. Walitembea na vidaftari, wakisimama, wakirudi nyuma, wakikunja macho. Kwa Bundala mmoja aliuliza kama hii imechorwa hapa. Bundala alisema hapana. Yule mchaguzi aliandika neno moja, na wakasogea kwa Rama, ambako walikaa mpaka juisi zao zikaisha.

Hayo aliyajua toka Ijumaa. Hakuyatazama sana. Alikuwa akitazama upande wa jikoni.

Bi Mwamvita alikuja amevaa khanga mpya, amefunga kilemba. Alisimama mbele ya picha. Bundala alijisogeza pembeni ili kivuli chake kisianguke juu yake. Mwanamke aliangalia dirisha. Aliangalia ngazi. Mkono wake ulinyanyuka kidogo, kama anayetaka kushika tawi la mwarobaini, ukashuka.

"Hii ni ya Halidi," alisema.

Bundala hakuelewa.

"Halidi, jirani yetu. Nyumba ya tatu toka kwetu. Mwarobaini ulikuwa wake, ulikuwa unatumwagia majani wote." Alisema taratibu, bila lawama, kama anayemwelekeza mgeni njia. "Sisi tulikuwa na mpera. Na ngazi hatukuwa nazo. Mzee alivyopooza tulizivunja, tukamwaga zege la mteremko, ili nimsukume kwa kiti."

"Maji," alisema Bundala. "Uliniletea maji."

"Mke wa Halidi huyo. Alikuwa na moyo. Mimi sikutoka nje siku ile. Nilikuwa namgeuza mgonjwa, nikasikia brashi ukutani."

Ngoma ilikuwa imepanda, Bi Mwamvita akalazimika kumsogelea ili asikike. Alimwuliza: na yetu, huikumbuki hata kidogo? Mpera? Mteremko? Ulipita juu yake, hakukuwa na njia nyingine ya kuufikia ukuta. Bundala aliingia ndani ya kichwa chake na kutafuta. Aliziona kuta. Aliona plasta ya kila aina, iliyolainishwa na isiyolainishwa, ya chokaa na ya saruji tupu, mahali rangi ilipochuruzika na mahali iliponywewa. Kuta mia mbili na zaidi, na nyuma yao hapakuwa na kitu. Angeweza kusema mpera anaukumbuka. Bi Mwamvita alikuwa akimtazama kwa namna ambayo angeamini.

"Hapana, mama," alisema. "Nakumbuka ukuta tu."

Bi Mwamvita alitikisa kichwa kukubali. Bundala akaanza kusema haraka, maneno yakigongana: atatafuta ubao, hata plaiwudi, atakuja tena Msimbu, mama amweleze kila kitu, mlango, dirisha, mpera ulikaa wapi, naye atachora.

"Nikikueleza utachora maneno yangu," alisema Bi Mwamvita. "Maneno yangu ninayo. Mimi nilitaka mtu mwingine aliyeiona."

Bundala alimwuliza Halidi yuko wapi, ili angalau picha impate mwenyewe. Bi Mwamvita alisema hajui. Kuna waliosema walirudi Rufiji, kuna waliosema Lindi. Kisha alisema sufuria la pilau litaungua, akaondoka, na hakumwita mtani wala jina jingine lolote.

Saa kumi walimtangaza Rama. Alishangiliwa, akainuliwa juu juu. Alipowekwa chini alikuja moja kwa moja kwa Bundala, akamshika mkono kwa mikono miwili, akasema, "Mzee, ile ya kwanza ungeiacha, mimi leo ningekuwa narudi na mabegi yangu." Alikusudia kumfariji. Bundala alimpongeza, na alimpongeza kweli.

Alikuwa anafunga brashi zake Stellamaris alipomjia na kipande cha plaiwudi kwapani. Alieleza shida. Wageni walikuwa wanaegesha magari kwenye mihogo ya watu, wenye mashamba wamelalamika, na hakuna kibao. Alisema samahani baba, si lazima.

Bundala alikipokea kile kibao. Alitafuta kivuli, akakilaza chini, akatoa uzi wake wa chaki, akapiga mistari miwili. Hakuna aliyecheka. Aliandika USIEGESHE GARI HAPA kwa rangi nyeusi, herufi zimesimama sawa, nafasi kati ya maneno sawa, na haikumchukua hata robo saa. Mgeni mmoja aliyepita na maandazi yake alisimama kutazama, akasema mzee una mwandiko mzuri sana, siku hizi watu kama ninyi hawapo.

Bundala alimshukuru. Alikibeba kibao mpaka kwenye mihogo, akakifunga kwa waya juu ya nguzo, akarudi nyuma kidogo kuona kama kimenyooka. Kilikuwa kimenyooka. Gari moja lilikuwa limeshaingia shambani kabla, na mwenye nalo hakuonekana.